Muguu hauponi kwa mwezi moja

Mazungumzo ya komite mbele ya mukutano wa wamemba wa Butembo na Beni, juu ya muchango wa ndugu yetu aliyeanguka ku shantie

Komite imeombwa kusema juu ya jambo moja tu, na maneno haya yatawekwa mu gazeti letu dogo, ili hata asiyefika leo ayasome ao asomewe.

Jambo lenyewe ni hili: makuta tuliyochanga juu ya ndugu yetu yameisha, na ndugu yetu hajapona. Tunayasema yote mawili pamoja, juu ukisema moja na kuacha lingine unadanganya watu.

Tunajua kuna wanaouliza, na wako na haki ya kuuliza: "Si tulishatoa?" Eee, mulishatoa. Njo maana tutaanza na hesabu, kabla ya kuomba kitu chochote.

Wengi munamujua, lakini hatutaandika jina lake. Yeye mwenyewe aliomba hivyo. Alisema: muniandike kama fundi, musiniandike kama masikini. Ni mutoto wa upande wa Oicha, shamba ya baba yake ya kakao iko kule, mbali kidogo na barabara. Alikimbia kama sisi wote. Familia ilikaa Beni mu nyumba ya kupanga, wakasogea Butembo, wakarudi Beni tena. Walipojaribu kuingia shambani walikuta majani yamefunika mikakao, maganda meusi yanaozea ku miti, na fasi ingine mutu asiyejulikana alishavuna. Ninyi munaolima kakao munajua: mukakao ulioachwa hauanze kuzaa juu mwenyewe amerudi. Unataka kukatwa, kupaliliwa, kungojewa. Na tumbo haingoje. Njo maana kijana akapanda Butembo kutafuta kazi ya mikono. Alianza na kubeba mawe, akachanganya simenti, kisha akajifunza kujenga.

Ile siku alikuwa juu ku etaji ya pili. Miti ya kupandia ilikuwa imefungwa na kamba za zamani. Kamba ikakatika, akashuka pamoja na ubao. Mufupa wa muguu wa kuume, chini ya goti, ukavunjika na ncha yake ikatokea inje. Mukono wa kushoto ukavunjika karibu na kiganja. Wenzake wakafanya vile watu wanafanyaka: motari mbele, mujeruhi katikati, mwingine nyuma anamukumbatia, muguu unaning'inia njia yote. Walifanya kwa upendo, na motari hakuomba hata franka moja, hii nayo tuiandike. Lakini tuseme hapa mara moja juu ya siku ingine: muguu uliovunjika unafungwa kwanza ku ubao ulionyooka, na nguo, juu na chini ya fasi iliyovunjika. Kidonda kinafunikwa na kitambaa safi. Mutu analazwa ku mulango ao ku kitanda na anabebwa na watu wane, ao anatafutiwa gari. Kama anasema hasikie miguu yake, ao mugongo unamuuma, asikalishwe hata kidogo. Mufupa ukitoka inje, sindano ya pepopunda, dawa ya kuzuia maambukizo na kuosha kidonda vinapaswa kufanyika haraka, mu saa za kwanza. Anayesema twende kwanza kwa mufunga mifupa wa kijiji, tumuheshimu, lakini tumukatalie. Kwa mufupa uliotokea inje, hapana.

Sasa hesabu. Mu siku ine tulipata dola 412, tukiunganisha za Butembo na za Beni, za mukono na za telefone. Zimeenda hivi: operesheni na vyuma vya kushikilia mufupa kutoka inje, 230. Dawa, serumu na vitambaa vya kidonda, 86. Radio mara tatu, 36. Kitanda, 28. Gari ya bibi yake na mutoto kutoka Beni, 12. Chakula cha siku za kwanza, 20. Kaye iko hapa ku meza, na resi zimebandikwa ndani, kila moja ku ukurasa wake. Mutu akitaka kuangalia, aangalie, hatutakasirika. Muchango ambao hausomwe mbele ya watu unaanza kunuka, hata kama hakuna aliyeiba.

Ku hospitali tuko na deni ya dola 147 mupaka leo. Na munganga ametuambia kwamba vile vyuma vya inje vitatolewa, kisha wataweka plaki ndani, na operesheni hii ya pili inaweza kufika dola 180. Jumla, 327. Hapo hatujahesabu chakula.

Tusikilizane vizuri juu ya hii, maana fasi hii njo michango yetu inakufaka. Sisi watu wa huku tuko wazuri sana ku siku ya kwanza. Habari ikitoka, telefone zinalia usiku, mama moja anatoa franka 500 za mboga, muchuruzi anatoa 20 000, kanisa linapitisha kikapo. Siku ya kumi tunaenda kumuona mugonjwa na ndizi mukononi. Siku ya makumi matatu tunasema, "Kumbe angali kule?" Lakini mufupa mukubwa wa muguu, ule uliotokea inje, unaomba miezi 4 mupaka 6, na pengine zaidi. Muguu haujue kwamba tumechoka. Vyuma vya inje vinapaswa kusafishwa kila siku fasi vinapoingilia ku nyama, la sivyo usaha unaingia mupaka mu mufupa, na usaha wa mufupa ni ugonjwa wa miaka. Dawa ya dola mbili isiponunuliwa mu mwezi wa pili, inaweza kurudi kama muguu wa kukatwa mu mwezi wa tano. Kwa hiyo makuta ya mwezi wa pili na wa tatu yanalinda ile dola 412 ya kwanza. Tukiacha sasa, tumetupa hata zile.

Tena kuna chakula. Hospitali za huku hazipikie mugonjwa. Bila mulinzi wa mugonjwa, anayepika inje ku makala, anayefua, anayebeba sahani ya mukojo, anayekimbia na ordonansi ku farmasi, mugonjwa hana kitu. Mulinzi huyo ni bibi yake, na bibi yake njo alikuwa anauza unga sokoni Beni. Kwa hiyo ile siku kamba ilipokatika, mishahara miwili ilianguka, si moja. Mutoto wao mukubwa anasoma primeri. Masomo ya primeri ya serikali ni bure tangu 2019, lakini kaye, uniforme na viatu si bure, na mutoto anayelala kwa jirani anakula kwa jirani.

Tena kuna jambo ambalo kila mutu hapa amekwisha kuliona kwa macho yake, mu Kongo nzima. Mugonjwa anapona, fakture haijalipwa, anabakia. Kitanda kinageuka kuwa kifungo. Anapewa ruhusa ya kutembea mu lupango, lakini mulangoni kuna sentineli. Na kila siku anayobakia, kitanda kinaandikwa juu ya deni. Hatutaji hospitali hata moja, na waganga wenyewe wanatuambia kwamba bila fakture hawatapata hata gazi ya kuwasha mashini. Tunasema tu kwamba ndugu yetu asifike fasi hiyo.

Pengine mutu atauliza: ma-ONG iko wapi? Swali nzuri. Tangu 2014, mu mwezi wa kumi, watu walipoanza kuchinjwa mu teritware ya Beni, tumejua listi nyingi. Listi ya waliokimbia, listi ya waliorudi, listi ya watoto wenye njaa. Ebola nayo ilikuwa na listi yake, kutoka tarehe 1/8/2018 mupaka 25/6/2020. Ilituulia watu 2 287, na wakati ule matunzo ya Ebola yalikuwa bure, gari zilijaa barabara, kila kona tanki ya maji ya kunawa. Gari zikaenda, na tanki zikapasuka. Hata mutu aliyepigwa risasi, mara nyingi iko fasi anaweza kupelekwa akatunzwa bila kulipa, na ni jambo jema. Lakini fundi aliyeanguka ku shantie, musasa mbao aliyekatwa na musumeno, mama aliyeingiza mukono mu mashini ya kusaga muhogo, motari aliyegongwa na lori ku barabara ya Kasindi, hawa hawako ku listi yoyote. Hawakupigwa na adui. Walikuwa wanatafuta chakula. Ajali ya kazi haina ONG yake, na njo maana inaanguka juu yetu.

Na sisi ni nani? Watu waliorudi bila akiba. Tuseme wazi. Mutu asiyewahi kukimbia, akivunjika muguu, iko mbuzi ya kuuza, iko shamba ya kuweka rehani, iko muti wa mbao uliopandwa na babu yake. Sisi mbuzi zilibakia nyuma. Wengine wetu tumekimbia mara tatu ao ine, na kila kukimbia kunakula kitu: kwanza mifugo, kisha vyombo, mwishowe hata malata ya nyumba. Mu 2024 tulipokea tena wandugu kutoka kusini ya Lubero, vita ilipopita Kanyabayonga, na wengi wenu mulilala kumi mu chumba kimoja ili wapate fasi. Hatuna wa kumulaumu kwa kuchoka. Lakini kama hatuna mbuzi, basi mbuzi yetu ni kuhesabika sisi kwa sisi.

Watu wa Butembo, ninyi mutatusamehe tukiwakumbusha kitu munachojua kuliko sisi wa Beni. Muji huu umejengwa sana na wenyewe. Serikali ikiwa mbali, watu walichanga: barabara zilitengenezwa, uwanja wa ndege wa Rughenda, shule, mashule makubwa. Université Catholique du Graben ilifunguliwa mu 1989, wakati wa Monseigneur Emmanuel Kataliko, aliyekuwa askofu wa Butembo-Beni tangu 1966 mupaka 1997, na wazee wangali wanasimulia vile alivyokuwa anasukuma watu watengeneze wenyewe barabara zao. Kwa hiyo kuchanga si kitu cha kufundishwa hapa. Lakini tumeona tofauti moja. Daraja likiisha, kila mutu anapita juu na kusema, "Jiwe langu liko pale." Muguu ukipona unaenda zake ndani ya suruali. Hakuna anayeuona. Pengine njo maana ni vyepesi kwetu kumaliza daraja kuliko kumaliza muguu.

Tuje ku sanduku. Wengi wenu muko mu MUSO mu kartie zenu, ao mu AVEC. MUSO iko na masanduku matatu. Sanduku ya kijani ni ya mikopo kati yetu, makuta yanatoka na kurudi na faida kidogo. Sanduku ya bluu ni ya makuta yanayotoka inje, ya banki ao ya musaada. Sanduku nyekundu ni ya taabu: kifo, ugonjwa, ajali, moto. Makuta ya sanduku nyekundu hayakopeshwe. Yanatoka na hayarudi. Njo maana watu wanaipenda kidogo. Mu mikutano mingi tunayohuzuria, kijani inajazwa kwa shangwe na nyekundu inatiwa franka 100 za aibu. Sanduku nyekundu ya chama chetu iliwekwa juu ya matanga, na kwa matanga inatosha: sanda, mbao, chai ya usiku. Mufu anazikwa siku moja, hata kama tunalia muda murefu. Mujeruhi anaendelea kula. Sanduku iliyopimwa kwa mufu haiwezi kumubeba mutu muzima.

Likelemba nayo haisaidie hapa. Likelemba inakupa zamu yako, na ajali haingoje zamu. Kuna memba mumoja alitoa zamu yake yote ya likelemba kwa ndugu yetu mu juma ya pili. Tulimushukuru, lakini komite ingependa isirudiwe. Mama yule sasa hana mutaji wa kununua samaki. Tukitoboa mutumbwi moja ili kuziba mwingine, tutazama wote.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi. Tuko wamemba 80 wanaolipa. Kila memba atoe nusu dola kwa juma, ao franka zake kwa bei ya siku ile, kwa juma 12. Nusu dola mara 80 ni dola 40 kwa juma, na kwa juma 12 ni dola 480. Tukitoa zile 327 za hospitali, zinabakia 153, na hizo njo chakula, magongo, na kaye za mutoto. Asiye na nusu dola asijifiche, tutakuja kwake juu ya mambo mengine. Na aliye na zaidi asitoe yote siku ya kwanza, tafazali. Tunataka dola tano zake zigawanywe, ili mu juma ya tisa bado tumuone.

Sasa tuongee juu ya mwenye shantie, maana vijana wengi wanangojea tuseme, na wazee wengine wangependa tunyamaze. Siku ya ajali alileta kitu kidogo ku hospitali. Kisha telefone yake ikaanza kulia bila kuitikiwa. Hatumutaji, na hatukuja hapa kumutukana. Lakini muchango wetu hauwezi kuwa pazia ya kumufichia. Kodi ya kazi ya inchi hii ni sheria nambari 015/2002, ya tarehe 16/10/2002. Inasema mwajiri anapaswa kumutunza mufanyakazi akigonjwa ao akipata ajali, hata wakati hawezi kufanya kazi. Inasema tena kitu ambacho ba journalier wengi hawajui: ukifanya kazi siku 22 mu miezi miwili kwa mutu moja, na akakuchukua tena kabla miezi ile miwili haijaisha, wewe si wa siku kwa siku tena. Unahesabiwa kuwa na kontra isiyo na mwisho. Na kama hakuna karatasi, mufanyakazi anaruhusiwa kuonyesha kwa njia yoyote kwamba alikuwa anafanya kazi pale: mashahidi, mesaji za telefone, kaye ya pwanteli.

Iko tena CNSS, ile ya zamani tuliita INSS. Sheria yake ni ya tarehe 15/7/2016. Mwajiri anapaswa kulipa pale, juu ya hatari za kazi, 1,5 kwa 100 ya mushahara, na sehemu hiyo inatoka mukononi mwake, haikatwe ku mushahara wa mufanyakazi. Aliyeandikishwa akiumia, Kesi hiyo inapaswa kugharamia matunzo, kumupa kitu wakati hafanye kazi, na kama anabakia kilema, kumulipa renti. Tunasikia munacheka. Tunajua ni shantie ngapi mu Butembo zinaandikisha mutu anayebeba mawe. Lakini sheria haikuandikwa juu ya wenye ofisi peke yao, na mutu asiyeuliza hapati hata jibu ya hapana.

Wenzetu wengine walisema: tukimusumbua huyu, kesho vijana wetu hawatapata kazi kwa mwingine. Tumelifikiri sana neno hili, si neno la kijinga. Lakini angalieni. Kama fundi akianguka tunachanga sisi wauza mboga, na mwenye etaji anaendelea kumalizia etaji yake, basi kila kamba ya zamani itaendelea kufunga miti ya kupandia. Kamba mupya ni bei kidogo sana kuliko operesheni. Anayelipa operesheni njo atanunua kamba. Kwa hiyo komite imechagua wazee wawili na mama moja, wataenda kumuona kwa heshima, nyumbani kwake, bila kelele, na barua. Barua inaomba vitu viwili: fakture ya hospitali na chakula cha familia mupaka fundi asimame. Akikubali, tutasoma hapa kiasi alichotoa, na tutamushukuru kwa sauti. Akikataa, tutapeleka kartasi ku Inspection du travail. Wafanyakazi wenzake wanne wameshakubali kuandika walichoona, na munganga ametoa kartasi inayoonyesha mufupa na tarehe. Kwa wengine wote munaofanya kazi ya mikono: kila jioni andika mu kaye siku uliyofanya kazi, fasi, na jina la aliyekulipa. Ni mustari moja tu. Huyu ndugu yetu alikuwa anaandika, mu kaye ya mutoto wake, na leo kaye hiyo ni yenye nguvu kuliko sauti yetu sote.

Juu ya telefone. Mu zile siku ine za kwanza picha ya muguu wake, na damu na mufupa, ilizunguka mu WhatsApp mupaka Kampala. Aliyeituma alifikiri inasaidia. Lakini mama yake aliiona akiwa sokoni. Na siku mbili kisha, mutu asiyejulikana akaituma tena na nambari yake mwenyewe, anaomba makuta. Tangu leo, nambari ni moja, ile iliyoandikwa ku kaye, na ujumbe wa kila makuta yanayoingia unaonwa na watu watatu. Picha ya kidonda, hapana. Ukitaka kumuombea mutu, andika kwamba ni fundi, ana bibi na watoto, muguu wake unapona kama ukilipiwa. Inatosha.

Musaada si makuta peke yake, na hapa wa Beni na wa Butembo hatufanane. Kati yetu kuna kilomita 54, na hakuna anayeweza kuzipanda kila juma. Kwa hiyo wa Butembo wachukue kitanda: kila kartie siku yake, sahani moja ya bugali na maharagi ao sombe, na mutu moja wa kulala pale usiku mara mbili kwa juma, ili bibi yake apate kulala na kurudi Beni kuangalia watoto. Kijana anayeenda kulala pale asiende na mikono tu. Munganga ataonyesha namna ya kusafisha vyuma, na namna ya kumugeuza ili mugongo na kisigino visitoboke. Wa Beni wachukue nyumba na shamba. Tukienda watu 20 siku mbili ku ile shamba ya kakao, kama hali inaruhusu na kama wanaojua njia wanasema iko salama, tunaweza kupalilia sehemu iliyo karibu na barabara na kukata maganda meusi yote. Salongo ya siku mbili, hakuna anayetoa franka. Mufundi akitoka ku hospitali na magongo, hatapanda ku etaji tena kwa muda murefu. Lakini kakao inaweza kuvunjwa na kukaushwa na mutu aliyekaa.

Mutu atauliza: na kama asipopona? Munganga hakutuahidi. Alisema muguu unaweza kubakia mufupi kidogo, na goti linaweza kukaa gumu. Tuliona ni vema mulijue hilo kabla ya kutoa, si kisha. Hatuchange ili tununue muguu mupya. Tunachanga ili asiachwe na watu akiwa angali anapumua. Akibakia na magongo, chama hiki kina kazi ya kukaa pia: kushika kaye, kupima kakao, kufundisha vijana kupiga ukuta kwa kamba. Yeye mwenyewe ameanza kuuliza juu ya ile ya kupima.

Kwa sanduku nyekundu, tunaomba mukutano upige kura leo kabla ya chakula: kwamba kisha juma 12, ile nusu dola isiishe kabisa, ibakie robo, iingie ku nyekundu chini ya jina la ajali ya kazi, mbali na matanga. Funguo tatu, kwa watu watatu wa kartie mbalimbali, na mumoja wao awe wa Beni. Wanaokataa waseme hapa ndani, ili tusisikie ku njia.

Kaye ya juma ya kwanza iko ku meza karibu na mulango, na mutunza sanduku amekaa pale na resi. Wa Beni watalipia kwa mama anayekaa mbele ya gari, siku ya Mungu kisha ibada, na siku ya posho inayofuata hesabu zote mbili zitasomwa pamoja. Wa kulala ku hospitali usiku wa leo hajapatikana bado. Tunangojea mukono moja ujiinue.